Kilomita za Kwenye Kioo

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Ni siku mjomba wangu Buya aliposimama uani kwetu hapa Garsen, jua linaelekea kuzama, mama anapepeta mchele, akanyoosha mkono kwangu na kusema, "Leta mikono ninuse."

Nikampa. Akainusa kiganja kimoja, akahamia cha pili, kama mtu anayechagua papa sokoni na hamwamini muuzaji. Kisha akamgeukia mama.

"Inanukia sabuni."

"Si ameoga," mama akajibu bila kuinua macho kwenye ungo.

"Mbona ameoga kabla sijamuuliza?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nashukiwa wizi wa petroli. Mikono ikinuka mafuta, nimeiba. Isiponuka, nimeiba na nikanawa.

Kabla hujacheka, ngoja nikwambie mimi ni mtu wa namna gani. Nilipomaliza fomu foo, wenzangu walitawanyika, huyu Malindi, yule Mombasa, wengine hadi Nairobi. Mimi nilisafiri kutoka chumbani hadi barazani, nikaona nimefika. Hata huu uzee mnaonipa sasa nimeupata mapema, wala si kwa hekima. Ni kwamba kila apitaye hunikuta nimekaa. Sasa mtu wa namna hii aibe petroli, aitembeze wapi kuiuza? Wizi ni kazi ya watu wenye miguu.

Udereva wenyewe sikuutafuta. Ulinifuata nyumbani. Mjomba alikuwa na shamba la maembe kule Ngao, akauza alichouza, akashuka Mombasa, akarudi na gari dogo jeupe, mtumba wa Japani. Yeye hakujua kuendesha. Mimi nilikuwa na leseni, nikiitunza kabatini. Mama akanisukuma nitoke, nikatoka. Ikawa kazi yangu ni Garsen hadi Ngao na kurudi, napeleka abiria na wagonjwa wa hospitali, narudi na maembe.

Gari lile lilikuja na stika ya kijani kwenye kioo cha nyuma, maandishi ya Kijapani yamebanana kama sisimizi, na katikati namba. Aliyemuuzia alimweleza kwamba hiyo ni serikali ya Japani inasema: lita moja, kilomita ishirini. Mjomba hajui Kijapani. Mimi sijui. Na yule muuzaji, nikimfikiria, nadhani naye alikijua kiasi cha kuuzia gari tu. Lakini mjomba aliishika namba ile kama aya ya Biblia. Nikiliosha gari, kioo kile nilikipitia kandokando, kama mtu anayeosha kidonda cha mwenzake.

Kila asubuhi mjomba akipiga hesabu kwa namba ya kwenye kioo. Ngao ni umbali fulani, kurudi ni umbali fulani, basi tia lita hizi, na jioni yabaki kiasi hiki. Jioni hakibaki kitu. Mshale umelala chini, na mimi niko ukingoni mwa kusukuma.

"Gari linakunywa nusu," mjomba akawa anasema kwa watu. "Hiyo nusu nyingine inanywewa."

Akaanza mitego. Alifunga uzi mwekundu kwenye kifuniko cha tangi. Uzi ukakatika njiani kwa miiba ya miti ya mathenge iliyoegemea barabara, akasema nimeukata. Akanyunyiza unga kwenye kifuniko ili apate alama za vidole. Kuku wa mama wakala unga wote, akasema nimepangusa. Ukishakuwa mwizi, mwanangu, hata kuku ni washirika wako.

Na shuku haikai nyumba moja. Nilianza kuona abiria wakivuta mifuko yao miguuni ninapogeuka nyuma. Siku moja jirani alinijia pole pole, akanivuta kando ya ukuta, akaninong'oneza, "Nasikia una mafuta. Nami nitengee kidogo, nina pikipiki." Nikaapa kwamba sina. Akakonyeza jicho, akasema, "Nimeelewa. Si sasa." Huyo ndiye aliyeniumiza kuliko mjomba, kwa sababu yeye aliniamini kabisa kwamba ni mwizi na bado alinipenda.

Mimi mwenyewe nikaingiwa na ugonjwa huo huo. Nilimshuku mtu wa pampu kwamba anatia hewa. Nikamshuku mjomba kwamba anafyonza mwenyewe ili anijaribu. Asubuhi moja nilijikuta nanusa jiko la mama la mafuta ya taa, nikaona sasa tumefika pabaya.

Jioni ile ya kunuswa mikono, mjomba alikuja na uamuzi. "Jumapili, watu wakitoka kanisani, huyu ataapa mbele ya wazee."

Mama akauweka ungo chini.

Ninyi wa siku hizi mnaapa kwa kila kitu, mpaka kwa bando la simu. Kwetu kiapo cha mbele ya wazee hakikuwa maneno ya mdomo. Ukiapa uongo, balaa linaingia nyumba nzima, tena huanza na wadogo. Ukiapa kweli, umepona, lakini watu watakumbuka siku zote kwamba wewe ni yule aliyeapishwa. Mtoto akikohoa mwaka ule, wanakutazama. Ng'ombe akitoa mimba, wanakutazama. Na anayemwapisha mtoto wa dada yake amekata kitu ambacho hakuna fundi wa kukiunga.

"Kaka," mama akasema, "ukimwapisha mwanangu, mimi si dada yako tena. Nikifa, usije. Ukifa, nitasikia habari kama wengine."

Walikuwa wawili tu kwa mama yao, na kila mtu Garsen alijua wanavyopendana kwa kugombana. Mjomba hakutarajia neno lile. Nami sikulitarajia. Nikaona kwamba kumbe si mimi peke yangu niliyekuwa karibu kupotea, ni hao wawili.

"Sasa unataka nini?" mjomba akauliza.

"Kesho Jumamosi. Panda gari lako. Tia mafuta kwa mkono wako, funga uzi wako, keti hapo mbele siku nzima. Mimi nitakaa nyuma, nikutazame wewe ukimtazama yeye."

Basi Jumamosi tukaondoka. Mjomba alitia lita alizozipigia hesabu, akafunga kifuniko kwa kitambaa na juu ya kitambaa uzi, fundo la wavuvi ambalo mimi mpaka leo silijui. Akaketi mbele kwa heshima zote. Na kwa kuwa tunakwenda shambani, akasema hakuna haja ya kwenda mikono mitupu: akapakia mifuko ya saruji hadi gari likainua pua, na mabati juu, yamefungwa kwa kamba, yakipiga makelele kila upepo ukivuma.

"Washa baridi," akasema, akionyesha kitufe cha kiyoyozi.

"Mjomba, baridi inakula mafuta."

"Inakula au inakunywa? Washa."

Hatujafika Minjila, tukakutana na kundi la ng'ombe linavuka, na nyuma yake mzee wa Kiorma rafiki wa mjomba tangu ujana. "Simama," mjomba akaniambia. Akateremsha kioo chote. Na wewe unajua salamu zetu huku. Si "habari" na "nzuri" kisha mtu akaenda zake. Nagaa, yaani amani. Amani. Watoto amani? Amani. Mama yao? Ng'ombe? Wale wa kule malishoni? Maji yapo? Nyasi? Yule ndama aliyeumwa mguu? Kisha aliyekuwa akiuliza huanza kuulizwa.

"Mjomba, nizime injini?"

"Usizime, baridi itatoka!"

Kioo kiko wazi mpaka chini. Nikasikia mama anakohoa nyuma, kikohozi kile cha mtu anayemeza kicheko.

Kila mahali ikawa hivyo. Kwa mwenye duka, simama. Kwa mjane aliyefiwa mwezi uliopita, simama, na hapo huwezi kufanya haraka, ni utovu wa adabu. Ukiyapita tu majumba ya watu huku delta na gari lako, jioni wataulizana umewaudhikia nini. Gari likinguruma, baridi ikipuliza barabara nzima, na mjomba kiwiko nje, anauliza habari za mbuzi.

Baada ya Tarasaa tukaingia tope. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo ule mweusi ukilowa hushika tairi kama mdai aliyekuona. Gia ya kwanza, gari linalia, magurudumu yanazunguka pale pale. Mjomba akashikilia mlango kwa mikono miwili.

"Mbona halitembei?"

"Linatembea, mjomba. Ila linatembea hapa hapa."

Tulifika Ngao, tukashusha saruji, tukapakia maembe. Nikadhani kurudi kutakuwa kwepesi. Nilisahau kwamba wale uliowasalimu ukienda watataka salamu za utokako. Tukaanza upya, mmoja mmoja, injini ikinguruma.

Kabla hatujaiona Minjila, gari likakohoa, likajikokota, likazima.

Mjomba akashuka, akazunguka nyuma. Nikamfuata kwa macho kwenye kioo cha pembeni. Alipiga magoti mbele ya kifuniko: kitambaa chake, uzi wake, fundo lake, vyote kama alivyoviacha. Akainama chini ya gari kutazama kama linavuja. Chini pakavu, hakuna hata tone. Akasimama pale nyuma muda mrefu, ana kwa ana na ile stika ya kijani, wanatazamana.

"Nitakwenda kutafuta pikipiki," nikasema.

"Kaa," mama akasema. "Hesabu si yake? Aende yeye."

Akaenda. Alirudi nyuma ya bodaboda, amepakata dumu la petroli kama mtoto mchanga. Dumu halikuwa na kifuniko, limezibwa kwa mfuko wa nailoni, na barabara ile unaijua. Shati lilikuwa limelowa, suruali imelowa. Kijana wa bodaboda alianza kupiga kelele kutoka mbali, "Mama! Tumemshika mwizi na mafuta yake! Stendi nzima imemwona! Kumbe siku zote ni mwenye gari!"

Mjomba alishuka, akalipa, akasimama mbele ya mama na dumu lake.

Mama akanyoosha mkono nje ya dirisha.

"Kaka. Leta mikono ninuse."

Akampa. Mama akanusa kiganja kimoja, akahamia cha pili, bila haraka. "Inanuka petroli," akasema. Kisha hakumwachia ule mkono. Akaushika tu, na mjomba akauacha ushikwe, nami nikaona nina kazi ya kutia mafuta, nikashuka upande wa pili.

Jumapili hakuna aliyeapa. Msamaha mjomba hakuomba, hakuwa na mdomo wa kuombea. Lakini nilipotoka asubuhi nilimkuta anaikwangua stika kwa kisu cha jikoni, anasema peke yake, "Wajapani waongo."

"Si waongo," mama akamwambia kutoka barazani. "Labda huko kwao hawasalimiani."

Mwanangu, baadaye nimekuja kusoma namba zile zinavyopatikana, na mama alikuwa karibu na ukweli zaidi ya alivyojua. Gari hupandishwa juu ya magurudumu ya chuma, ndani ya chumba, likazungushwa kwa mwendo uliopangwa. Hakuna tope humo. Hakuna mabati juu, hakuna ng'ombe wanaovuka, hakuna mjane wa kumpa pole. Namba ni ya kweli, ila ni kweli ya chumba kile. Inafaa kulinganisha gari hili na lile. Haifai kumhukumia mtu.

Kwa hiyo ukinijia na simu yako kunionyesha gari unalotaka kununua, na namba imeng'aa pale juu, nami nikakunja uso, usidhani nakuonea wivu. Naishuku namba, si wewe. Muulize anayeliendesha gari kama hilo njia hii ya kwetu, tena muulize wakati wa mvua, na muulize akiwa hauzi. Ukishalinunua, jaza tangi, liendeshe ulivyo, na mizigo yako na salamu zako, ulijaze tena, uone limekunywa nini. Hiyo ndiyo namba yako. Nyingine zote ni za watu wengine. Na siku utakapompa mwingine funguo, na mafuta yakapungua kuliko ulivyotarajia, usianze na mikono yake. Panda, keti naye siku nzima. Ukimaliza siku hiyo na bado unamshuku, hapo sawa, mshuku kwa haki.

Nasema haya nami si malaika. Gari nililo nalo sasa analiendesha mpwa wangu, na juzi alirudi mshale umelala. Alinipa mkono wa salamu, na pua yangu, nakwambia kweli, ikawasha. Niliuvuta mkono ule karibu kidogo kuliko desturi. Kisha nikakumbuka, nikauachia. Kesho alfajiri nitapanda naye mpaka Ngao, mimi huyu, nisiyependa kuvuka hata geti. Mke wangu ameshacheka mpaka amechoka.

Mungu akupe gari linalokufikisha, mwanangu, na watu wa kusimama kuwasalimu njiani, na mafuta ya kuwatosha. Na mikono yako, unapoinyoosha kwa wako, ipokewe kwa kushikwa tu.