Kahawia ya Mama Wino

Kucha za Mama Wino hazijatakata kwa miaka ishirini na sita, na anayemhurumia kwa hilo anajisumbua bure. Yeye ndiye mchanganya rangi katika kiwanda cha kuchapa maboksi na karatasi za kufungia bidhaa. Mpe jani, kipande cha kitambaa au ganda la kitunguu, atakuchanganyia wino wa rangi ileile. Meneja aliyetangulia alinunua kifaa cha kupimia rangi. Mwaka wa tatu huu kimefunikwa kitambaa. Hakijaharibika, kimekosa kazi tu.

Nyuma ya chumba chake kuna rafu ya makopo ya wino uliobaki. Kila kazi ikiisha, wino kidogo hubaki, na wenzake huuita takataka. Yeye huuita akiba. Na akiba haiozi, ingawa hii yake huota utando juu.

Tabia hiyo haikuanza kwa busara. Ilianza kwa aibu, na sioni sababu ya kuificha. Zamani, kwa amri ya meneja wa wakati ule, aliyalainisha masalia kwa mafuta ya taa akayamwaga mtaroni. Mtaro huo hupita nyuma ya nyumba ya dada yake. Kesho yake dada akamjia na bata kwapani, bata mweupe aliyegeuka bluu hadi shingoni.

"Mdogo wangu, huyu nimchinje au nimpeleke shule? Naona ameshavaa sare."

Mama Wino alicheka mpaka akashika mbavu. Bata yule akafa kabla ya wiki kwisha, na wenzake wanne wakamfuata, na kicheko kikatumbukia nyongo. Tangu hapo hajamwaga hata tone.

Sasa mwaka huu meneja mpya akaja na yake.

"Mama, Ijumaa rafu hii iwe tupu. Naleta mashine mpya. Nimeshamwambia mtu wa taka aje kuchukua makopo."

"Atayapeleka wapi?"

"Anajua mwenyewe."

"Huyo anajua mtaro, hajui kwingine." Mama Wino akatupia jicho oda iliyokuwa mezani: karatasi za kufungia sabuni, elfu arobaini, rangi ya kahawia. "Nipe kazi ya sabuni. Rangi yote nitaitoa kwenye makopo haya, sifungui hata moja jipya. Nikishindwa, mwite mtu wako."

"Mwenye sabuni ana jicho, Mama. Alishanirudishia mzigo mzima."

"Mimi ninayo mawili."

Meneja akamkubalia, akamsimamisha mtu wa taka kwanza. Jumanne Mama Wino alikwangua utando, akapanga makopo: mekundu huku, ya njano kule, ya kijani karibu na mkono. Jumatano alasiri akapata kahawia, akaisogeza karibu na karatasi ya sabuni ya mzigo uliopita chini ya taa, akaridhika. Hapo ndipo fundi mzima alipofanya kosa la mwanagenzi. Aliipima rangi ingali mbichi, tena kwa mwanga wa taa, naye anajua kuliko wote kwamba wino ukikauka hubadilika. Majivuno hayo, hakuna kingine. Alhamisi asubuhi alipoitoa juani karatasi aliyoijaribia, kahawia yake ilikuwa imeingia zambarau, mfano wa ini bichi.

"Pole, Mama," meneja akasema. "Umejitahidi."

Pole ile ilimchoma kuliko tusi. Papo hapo meneja akapiga simu, akamwambia mtu wa taka aje kesho saa nne.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama Wino akarudi kwenye makopo ya njano, kwa sababu zambarau haifukuzwi na kitu kingine. Akaongeza kidogo kwa ncha ya kisu, akakoroga, akagonga wino kwa kidole juu ya karatasi ileile ya sabuni, ukawa mwembamba kama utakavyochapwa. Kisha akaanika, akangoja ukauke, akaupeleka mlangoni kwenye jua. Akafanya hivyo mara kumi na moja. Chakula cha mchana kilipoa mezani hakijafunuliwa.

Ijumaa, gari la taka lilitangulia kufika. Mwenye sabuni akafuata, akasimama mlangoni na karatasi mbili mkononi, moja ya mzigo uliopita, moja ya Mama Wino. Akazigeuza, akazikunja kona, akazinyanyua juani. Meneja alikuwa akijipangusa shingo.

"Hii ya zamani ndiyo ninayoitaka," mwenye sabuni akasema mwishowe, akiinyanyua ya mkono wa kulia. "Hii mpya yenu imefifia kidogo. Rekebisheni."

Mama Wino alinyoosha mkono, akaigeuza ile ya kulia. Nyuma yake palikuwa na tarehe ya jana, kwa mwandiko wake.

"Mpya ndiyo hiyo unayoitaka, baba," akasema.

Mwenye sabuni aliziangalia tena zote mbili, akaangua kicheko. "Basi nichapieni hii. Ile nyingine msiniletee tena."

Mtu wa taka alikuwa ameshaingia hadi kwenye rafu. "Mzigo wenyewe ni huu?"

"Usiguse!" meneja akamaka. "Rudi tu, ndugu yangu. Mashine nitaitafutia pahali pengine."

Furaha ilimjaa Mama Wino kifuani hata akashindwa kuificha, wala hakujaribu. Aliweka mikono yake yenye wino kiunoni, mbele ya wote, akawageukia wachapaji.

"Mnangoja nini? Washeni mashine."