Mche wa Mgeni Rasmi

Josephati aliajiriwa mwaka 1977 kumwagilia bustani ambayo haikuwapo. Kiwanja kilikuwapo, kando ya soko la Karatu, kimezungushiwa seng'enge. Ramani nayo ilikuwapo, ina mabenchi na njia za changarawe. Kazi yake ilikuwa kutunza miche ishirini ya mijakaranda kwenye madebe mpaka siku ya ufunguzi. Mche wa kwanza lazima upandwe na mgeni rasmi, na kabla yake asipande mtu. Hilo Bwana Kurwa, mwenye duka na mwenyekiti wa kamati ya bustani, alilirudia kila alipopita.

Jioni ya siku aliyoajiriwa Josephati alimwahidi mkewe, Marsela, benchi la kivulini. Marsela aliuza maharage sokoni juani, na kichwa kilimgonga mchana kutwa.

"Vumilia mwaka mmoja tu," alimwambia.

Mwaka wa kwanza mgeni rasmi alipata safari. Wa pili ikawa vita, na nani angethubutu kuulizia mabenchi wakati vijana wa watu wako Uganda? Kisha saruji ikaadimika, kisha kamati ikavunjwa, ikaundwa upya na watu wale wale. Josephati alibeba maji kutoka bombani, ndoo kwa ndoo, na miche ikamfia mmoja mmoja ndani ya madebe. Kusema kweli alichoka. Alichoka hata kulalamika.

Mmoja tu ulikaidi. Debe lake lilikuwa pembeni, karibu na seng'enge. Likaliwa na kutu, mizizi ikapenya ardhini bila kuomba ruhusa ya kamati. Kufikia 1983 mti ulikuwa na kivuli cha kutosha gunia la maharage na mwenye gunia. Marsela akahamia pale, kichwa kikapoa. Josephati hakumwambia mtu.

Mwaka uliofuata zikaja habari: mgeni rasmi anakuja Jumamosi. Kurwa akakagua madebe, akakuta miti mikavu mitupu, akainua macho.

"Ule pale! Ung'oe, uupeleke katikati."

"Umeshika chini, mwenyekiti. Ukikatwa mizizi utakufa."

"Sasa mzee, unataka mgeni apande nini, seng'enge?"

Josephati aliikata mizizi kwa mkono wake, asije akaikata mtu asiyeujua mti ule. Marsela aliinuka na gunia lake, akarudi juani. Jumamosi watu walikaa juani mpaka saa tisa, ndipo ikaletwa taarifa kwamba mgeni amepata dharura. Mti ulikuwa umelazwa kando ya shimo. Kurwa akakataza usipandwe, maana tarehe nyingine ingetajwa.

Jumatatu majani yalikuwa yamekauka. Josephati alikwenda Mbulumbulu kwa dada yake, akarudi na mche mmoja, urefu wa kiganja. Akaupanda pale pale ulipong'olewa ule mwingine, mchana kweupe, soko zima likitazama.

"Baba Restituta," Marsela alimwita, amejitanda khanga kichwani kujikinga na jua, "na mgeni rasmi je?"

Josephati alishindilia udongo kwa kisigino. Goti lilimuuma. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na alijua mjakaranda unachukua muda gani.

Akamkabidhi kopo la maji.

"Mgeni rasmi ni wewe," alisema. "Mwagilia."