Mzimu Aliyekunja Suruali

Mwalimu Paulin wa Bel-Air hakuamini mizimu hata chembe, ila ndiyo iliyokuwa ikimpa kazi. Alipostaafu kufundisha biolojia alianzisha matembezi ya kutisha: kila Jumamosi jioni huwaongoza watu katika mitaa ya Kamalondo, wote wamevaa nguo nyeusi na kushika mishumaa, akiwaonyesha sayansi ya mji ilikoanzia. Kituo cha mwisho ni nyumba iliyokuwa maabara ya malaria. Hapo, huwaambia, hutokea mzimu aliyekunja mguu mmoja wa suruali, anangoja mbu.

Mzimu huyo ni babu yake. Madaktari wa Kibelgiji walikuwa wakimkalisha na mguu wazi ili mbu watue, awanase kwa kichupa, mpaka homa ikamchukua. Paulin alitaka jambo moja tu: mtu aulize jina la babu huyo. Kulitaja bila kuulizwa aliona ni kuombaomba. Lakini wapi! Wageni waliuliza kama mzimu anauma, kama anajua timu itakayoshinda Jumapili. Jumamosi moja, bwana mmoja alikunja suruali yake tangu mwanzo wa safari ili apigwe picha.

Jioni hiyo umeme ulikatika. Mama Bijou, muuza makaa, akaona watu wenye nguo nyeusi wanapita kimya na mishumaa. Kamalondo nzima inajua maana yake: kuna kilio. Akajifunga kitenge kiunoni, akaanza kulia kwa sauti. Majirani wakatoka na viti vya plastiki. Wageni wawili, kwa adabu tu, nao wakalia.

Paulin akahangaika kueleza kwamba huo ni utalii. Mama Bijou hakutaka habari za utalii.

"Njo nani alikufa?"

"Kambo yangu, mama, babu yangu. Lakini ni zamani, wakati ya Babeleji."

"Balimulilia?"

"Hapana. Balimuzika mbio, juu ya kuogopa homa."

Mama Bijou akamsogezea kiti.

"Basi ikala. Jina yake nani?"

Jibu alikuwa amelitayarisha miaka mingi, pamoja na jina la mbu kwa Kilatini. Vyote vikamtoka kichwani.

"Chisanga," akasema.

Mama Bijou akalipokea jina, akaliita kwa nguvu, na barabara nzima ikamlilia Chisanga. Paulin alilia kuliko wote. Yule bwana wa picha akashusha suruali yake taratibu, akatafuta kiti.