Marhamu Nyeupe na Maziwa ya Shangazi Kabula

Juzi mjukuu wangu alifungua kopo la marhamu ampake mwanawe aliyebabuka matako kwa nepi, na chumba kikajaa harufu ya mafuta ya kondoo. Harufu ile, ndugu yangu unayesoma, ilinirudisha kwetu Didia, miaka ile ya thelathini, wakati mdogo wangu Masanja alipokuwa anatutoka huku tunamtazama.

Mama alifariki Masanja akiwa bado hajaota jino. Ukame ulikuwa umekausha maziwa ya ng'ombe wetu, basi Baba akatulea sote wawili kwa uji wa mtama. Mimi nilinenepa. Masanja aliota vidonda kuzunguka mdomo, vikatokea matakoni na kwenye vidole. Nywele zikanyonyoka, akaharisha, akawa analia kilio chembamba kisicho na nguvu. Watu walisema marehemu anamwita mwanawe. Niliamini, na kila alipolala nilimshika mguu ili asiende.

Baba hakubishana na mtu. Asubuhi moja alimbeba Masanja mgongoni kwa kanga ya Mama, wanaume wenzake wakamcheka, naye akanishika mkono tukaenda hospitali ya misheni kule Kolandoto. Muuguzi, mama mmoja mwenye sauti nzito, alimpaka mtoto marhamu nyeupe iliyonata, ikinuka mafuta ya kondoo.

"Hii ni dawa ya zinki," alimwambia Baba. "Itakausha ngozi. Lakini mtoto huyu ana njaa ambayo uji hauimalizi. Kwenu hakuna mwanamke anayenyonyesha?"

Alikuwapo. Dada yake Baba, Shangazi Kabula, alikuwa na kichanga, Nyamizi. Tukaenda moja kwa moja kwake. Mumewe alikuwa amerudi karibuni kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita, ambako aliona kambini jinsi maradhi yanavyohama kutoka mtu hadi mtu. Alipomwona Masanja, uso mweupe kwa marhamu kama mwizi wa unga, alisimama mlangoni asitupishe.

"Shemeji, nakuheshimu," alisema. "Lakini mimi nina mtoto mmoja tu. Ugonjwa huu ukimwingia?"

Shangazi akatokea nyuma ya mumewe, Nyamizi begani.

"Baba Nyamizi," alisema taratibu, "kama ningekufa mimi, huyu ungempeleka kwa nani?"

Mumewe akasogea. Shangazi akampa Nyamizi, akaketi kwenye kigoda, akampakata Masanja. Midomo ilimuuma mtoto, akawa analikataa ziwa. Shangazi akamkamulia matone ulimini, tone kwa tone, mpaka alipolishika mwenyewe. Baba alitoka nje akajifanya anakagua zizi.

Tulihamia pale. Kazi ya marhamu nilipewa mimi, nayo haikuwa ndogo, maana mbwa wa shangazi walipenda harufu ya yale mafuta na walimfuata Masanja kama bwana harusi. Nilipaka kwa kidole, fimbo mkono wa pili. Polepole vidonda vilikauka, nywele zikarudi, na siku moja Masanja akacheka mbwa alipopiga chafya. Nyamizi hakupata hata kipele.

Kwa miaka mingi niliwaringia wenzangu kwamba mimi ndiye niliyemponya kwa kidole changu. Nilikuwa nimeshazeeka wakati mjukuu wangu, aliyesomea udaktari, aliponieleza kwamba mwili unahitaji kiasi kidogo cha zinki, madini yale yale ya kwenye marhamu, ili kujenga ngozi na kupigana na maradhi. Kwamba ndani ya mtama imo, lakini nafaka huing'ang'ania, mtoto mchanga akaambulia kidogo sana. Na kwamba iliyomo katika maziwa ya mama huingia mwilini kwa urahisi.

"Siwezi kuapa, Bibi," alisema, "lakini huenda hicho ndicho alichokikosa."

Basi huenda dawa yenyewe ilikuwa kifuani kwa Shangazi, ambaye neno zinki hakuwahi kulitamka. Masanja alimwita Mama mpaka siku tulipomzika shangazi yetu.

Siku ile mlangoni nilidhani Shangazi haogopi chochote. Nilipozaa wa kwangu, nikamlaza kifuani, ndipo nilipojua kwamba aliogopa kuliko mumewe, na akampokea mdogo wangu hivyo hivyo, akiwa anaogopa.