Watu Wawili wa Kupigiwa Simu

Nilirudi Babati baada ya mama yangu kufariki, nikaingia kwenye nyumba yake ya Bagara peke yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa redio za ndege katika uwanja mkubwa, mbali na nyumbani. Sikuwa na mke wala mtoto. Kwetu mtu mzima huitwa kwa jina la mwanawe, Baba fulani au Mama fulani. Mimi waliniita fundi tu. Nilitengeneza redio na spika za makanisa, na siku nyingine jua lilizama sijatamka neno zaidi ya "karibu" na "kesho itakuwa tayari."

Asubuhi moja mzee wa Singe, kata ya jirani, alisimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa unashughulika na redio za ndege?"

"Ndiye mimi."

"Basi njoo uone kitu. Ila usinicheke."

Alikuwa fundi mstaafu wa matrekta. Katika ghala alilokuwa akihifadhi mahindi kulikuwa na ndege ya viti viwili, fremu ya mabomba ya chuma iliyofunikwa kitambaa. Alianza kuijenga mwenyewe mkewe alipofariki. Mkaguzi wa ndege alikuwa ameikubali, lakini akasema hairuki mpaka ifungwe kifaa cha dharura: kisanduku kinachohisi ndege ikijigonga chini, kisha kutuma ishara kwenye satelaiti ili watu wajue pa kutafuta. Kisanduku alikuwa nacho. Hakujua kukifunga.

Sikucheka. Nilizunguka ile ndege mara mbili, mikono mfukoni.

Kazi ilichukua siku tatu. Yeye alitaka tukiweke chini ya kiti, pawe rahisi kufikia. Nikakataa. Ndege ikianguka, pua ndiyo huumia kwanza; mkia mara nyingi husalia. Tukafunga bamba la kukibeba kwenye mabomba ya nyuma, nikalivuta kwa nguvu zangu zote. Likapinda kidogo. Tukalitoa, tukaanza upya. Antena tuliisimamisha juu ya mgongo wa ndege, na kwa kuwa antena huhitaji chuma chini yake ili irushe ishara vizuri, na kitambaa hakiisaidii, tukaweka bati la alumini chini yake. Waya wake niliuacha ulegee kidogo, usije ukakatika mwili wa ndege ukijikunja. Mchana alisonga ugali, tukala na maharage, tukiongea habari za injini. Nilikuwa nimesahau kula na mtu.

Kifaa hicho hujaribiwa dakika tano za mwanzo wa saa, ili wanaosikiliza wasidhani ni ajali kweli. Ilipofika saa nane kamili nilishika redio ndogo, yeye akabonyeza swichi. Redio ikalia, mlio unaoshuka kama filimbi ya mtu aliyechoka.

Ikabaki fomu ya kusajili kifaa. Ilitaka majina ya watu wawili wa kupigiwa simu ishara ikitoka. Mzee alishika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Binti yangu yuko Dodoma," alisema. "Tuligombana kwenye mazishi ya mama yake. Hapokei simu zangu."

"Andika namba yangu."

Akaandika. Kisha, bila kuniangalia, akaandika na ya binti yake.

Aliruka mara nyingi juu ya shamba lake, na mimi nilikuwa nikimtazama kwa mbali nikiwa kibarazani kwangu. Halafu Jumapili moja, watu wako kanisani, nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua, wa kituo cha uokoaji. Alitaja ndege, akasema ishara imetoka Singe. Nikampigia mzee. Haikupokelewa. Nilipanda bodaboda, nikamwambia dereva aende mbio.

Nilimkuta shambani kwake, ameketi kwenye nyasi, mdomo unavuja damu, gurudumu moja la ndege limekunjika.

"Nimeitua vibaya," alisema. "Simu nimeiacha nyumbani."

Nilizima kifaa, nikawapigia wale wa uokoaji kuwaambia yu hai, nikamshika mkono tukaenda kwake. Tulipofungua mlango simu yake ilikuwa inaita mezani. Aliiangalia, akakaa chini kabla ya kuipokea.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Niko mzima. Usilie. Niko mzima."

Nilitoka nje, nikaketi kwenye matofali mpaka alipomaliza.

Binti alikuja wiki hiyohiyo. Alinishukuru sana, akaniita baba mdogo. Mavuno yalipoisha ndege ilipata mnunuzi wa Arusha, na mzee akahamia Dodoma kwa wajukuu. Nilimsindikiza stendi, nikambebea begi.

"Utakuja kututembelea?" aliuliza dirishani.

"Nitakuja, mzee."

Nilifurahi kwa ajili yake, kweli nilifurahi. Basi lilipoondoka, madereva wa bodaboda waliniita, nikawapungia mkono, nikarudi Bagara kwa miguu. Sikuwa na haraka ya kufika. Dodoma sijaenda hadi leo.