Mashimo Niliyoyafukia

Mimi niliishia darasa la pili. Sisemi ili nihurumiwe. Nasema ili anayesoma ajue kwamba nyumba hii hakunijengea mtu. Nilianza kwa kupandisha usipa kutoka Lipingo, wale dagaa wa ziwani, mzigo kichwani, siku mbili za milima mpaka huku kwetu Umatengoni. Matofali niliyafyatua mwenyewe, nikayachoma mwenyewe. Msingi ni wa mawe ya mtoni, na kila jiwe nalijua kama ninavyojua meno yangu yaliyobaki. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoingia chumba cha nyuma, maji yakanipita katikati ya vidole vya miguu, niliona nimetukanwa.

Ilikuwa mvua kubwa ya kwanza tangu jirani wa juu amalize kujenga. Ni mwenye duka mjini Mbinga, Mwislamu, babu yake alitoka Pwani. Mtu mstaarabu, hata leo sina neno baya juu yake. Ila bati lake ni pana, akalizungushia gata, na ua wote akaumwagia zege ili gari lisikanyage tope. Maji ya bati na ya zege yakaingia bomba moja, na mdomo wa bomba ukatokeza chini ya ukuta wake, ukatazama mgongo wa nyumba yangu.

Huku tunaishi mteremkoni. Nyuma yangu ni yeye, mbele yangu ni korongo. Pa kusogea hapana.

Kahawa niliyoihifadhi chumba kile ilishika ukungu, magunia yakanuka kama soksi. Lipu ikavimba, ikadondoka vipande vipande. Nikachimba mtaro, mvua ya pili ikaujaza tope. Nikapanga viroba vya mchanga; maji yakapita chini yake. Halafu ufa ukatokea ukutani, kutoka kwenye kenchi hadi chini, na kila mvua ikiisha nilikuwa naupima kwa kidole. Mwanzo ukucha haukuingia. Baadaye kidole kizima. Mawingu yakikusanyika juu ya Matiri, naingia kuupima tena. Nilikuwa kama panya aliyetumbukia mtungini: anaona mwanga juu, na kuta zote zinateleza.

Nikapanda kwa jirani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Maji yako yanalala kwangu."

Alishuka nami, akavua viatu mlangoni, akatazama ufa. "La haula! Sasa mzee, bomba nilielekeze wapi? Kulia ni njia ya watu, kushoto ni makaburi ya kigango."

"Sikukuuzia kiwanja ili uje kuniosha miguu."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nikapeleka shauri kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenyekiti alikuja na wazee wawili, wakakaa uani kwangu, jirani naye akaitwa. Mke wangu akaleta togwa. Mwenyekiti alizunguka nyumba nzima, akarudi, akaniuliza swali moja tu: "Baba, kabla huyu hajajenga, mvua ya pale juu ilikuwa inakwenda wapi?"

Swali hilo mtoto yeyote wa Kimatengo angelijibu. Pale juu palikuwa na ngoro. Kwa asiyezijua: unafyeka majani, unayalaza chini kwa miraba, unachimba udongo katikati ya mraba na kuyafunikia. Tuta linabaki pande zote nne, shimo linabaki katikati. Mlima mzima unakuwa kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, kila shimo linakunywa la kwake, hakuna tone linaloshuka kwa mwenzake. Kulaza majani ni kazi ya mwanamume. Kuchimba na kufunika ni kazi ya mwanamke. Zile ngoro za juu alizichimba mke wangu, miaka na miaka, mtoto mgongoni, maharage kwanza, mahindi baadaye.

Nami nilizifukia. Nilipotaka kuuza kile kipande nibadilishe bati lililooza, niliona haya mtu wa mjini aje akute mashimo, aseme ardhi hii ina ndui. Mke wangu alikuwa Ruanda, kile kijiji cha huku huku Mbinga, kwa dada yake mgonjwa. Nikachukua jembe, siku nne, nikasawazisha mpaka pakawa kama uwanja wa mpira. Aliporudi alisimama pale juu, akaniuliza: "Mvua utaiambia nini?" Nikamjibu kwamba mvua haina shida na mtu.

Sasa mwenyekiti ananisubiri, wazee wananitazama, jirani ananitazama. Nikasema: "Palikuwa majani tu."

Mke wangu alikuwa anamimina togwa. Kibuyu kilisimama hewani.

"Kama palikuwa majani tu," mwenyekiti akasema, "basi maji yalikuwa yanashuka kwako tangu zamani. Huyu hajakuletea jipya. Maji hayapandi mlima, baba." Wakamaliza togwa, wakaenda zao.

Hapo ndipo nilipojifungia mlango mwenyewe. Kushtaki mbele, wilayani, wataniuliza swali lile lile. Kuuza nyumba, nani atanunua ufa? Kuhama, niende wapi na miaka hii? Nikakata gogo la mlingoti, yaani mkaratusi, nikaegemeza ukuta. Nikamwambia mke wangu tuhamishie kitanda sebuleni.

"Mimi sihami," akasema. "Nimelala chumba hiki tangu kimeezekwa nyasi. Ukuta ukinifunika, watu wakija kuuliza, waambie palikuwa majani tu."

Nimetukanwa na wengi maishani, na wengi niliwajibu. Hilo nililala nalo siku mbili. Siku ya tatu nikapanda kwa jirani.

"Zile ngoro nilizifukia mimi," nikamwambia tukiwa tumesimama, kabla hajanipa kiti.

Akatazama zege lake. "Mzee, mimi nilidhani Mungu mwenyewe alipaumba tambarare. Ungeniambia, ningeacha ardhi wazi. Sasa zege limekwisha kukauka." Halafu akasema ataligawa bomba midomo mitatu ili maji yasije kwa nguvu moja. Zaidi ya hapo hakuwa na la kunisaidia, na nilimwelewa. Kwa mwenyekiti sikurudi. Atasoma hapa, kama anasoma.

Kati ya ukuta wake na wangu kuna hatua nane. Nikafyeka majani, nikaanza kuyalaza. Mke wangu alitoka na jembe lake la zamani. Nikashika jembe langu nimsaidie kufunika, akanisukuma kwa kiwiko.

"Laza majani, wewe. Udongo si kazi yako. Uliugusa mara moja, tumeona."

"Mgongo wako je?"

"Mgongo wangu ulikuwepo pale juu, hukuuliza."

Zilitoka ngoro kumi na moja, ndogo, zimebanana. Mvua ilikuja kesho yake mchana. Tulikaa kitandani chumba cha nyuma, gogo kati yetu na ukuta. Mashimo ya juu yalijaa upesi, yakafuata ya kati. Tulijua kwa sauti. Ya chini yalipoanza kupokea, mke wangu aliweka kiganja kwenye ufa.

"Kuna unyevu," akasema. "Lakini hautiririki."

Mvua ikaongezeka. Pa kwenda hapakuwa, kwa hiyo tulikaa.

"Pale juu palikuwa na nini?" akaniuliza.

"Ngoro."

"Za nani?"

"Zako."

Akatoa mkono ukutani, akaufuta kwenye khanga. "Haya," akasema, "angalia gogo lako, linateleza."