Kiingereza cha Wiki ya Kupanda

Mtu akiniuliza leo nilijifunzia wapi Kiingereza, namjibu kwamba nilijifunzia kwenye maharage. Wengi hudhani natania. Darasa langu lilikuwa shamba la mama mkwe wangu hapa Endasak, na mwalimu wangu alikuwa wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliyekuwa na stashahada ya ualimu na hana pa kufundisha. Alikuwa amerudi nyumbani kusubiri ajira. Alisubiri akiwa na jembe mkononi na uso ulionuna tangu alfajiri.

Mimi nami nilikuwa na langu. Nilikuwa nikijitolea kwenye zahanati ya kijiji, kupima watoto uzito na kuwaita kina mama kwa zamu, na nikajikuta naipenda kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kuishika. Nilitaka niwe muuguzi kamili. Lakini chuo kilidai ufaulu wa Kiingereza, na kwenye cheti changu cha kidato cha nne Kiingereza kilikuwa na F. Ilibidi nirudie mtihani huo mjini Katesh, mwezi wa kumi na moja, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mume wangu alisema atanivumilia kwa mwaka mmoja. Nikishindwa, nirudi kwenye jembe na tusisikie tena habari za vitabu.

Wifi aliipitia mitihani ya nyuma niliyokuwa nimeazima, akaguna.

"Wifi, wewe unauawa na hapa," akasema, akaweka kidole kwenye karatasi.

Hapo palikuwa na zile sentensi ambazo kitu kinachofanywa kinatangulia, anayefanya anabaki nyuma au hatajwi kabisa, na katikati pamesimama neno la lazima au la inafaa. Nilikasirika. Kwa Kiswahili unasema "akamuliwe" na umemaliza. Waingereza wanataka maneno yapange foleni: kwanza *must*, kisha *be*, kisha *milked*, na ukimruka mmoja kwenye foleni, maksi imekwenda. Halafu yanakuja yale maneno madogo ya mahali na wakati. Sisi tuna "-ni" yetu moja inayotutosha, nyumbani, zizini, mezani. Wao kwa kila mlango wana ufunguo wake: *in*, *on*, *at*, *into*. Nilimwambia wifi kwamba watu hawa walikuwa na muda mwingi wa kupoteza. Akanijibu kwamba mimi sina.

Basi tukaanza wakati wa palizi. Mwanzoni mwa somo nilitakiwa nisimame wima na kumsalimia kama mwanafunzi, mimi ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa amenipa shikamoo kama mke wa kaka yake. Aliifurahia sana sehemu hiyo. Kisha kila mmoja alishika mstari wake wa maharage, naye akawa ananirushia neno moja huku anapalilia.

"Ng'ombe!"

"*The cow must be milked in the morning!*"

"Maji!"

"*Water must be fetched... at the river.*"

"Kutoka mtoni, wifi, siyo pale mtoni. *From!* Njoo upalilie mstari wangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Kila nikikosea nilipalilia mstari wake, na nakuhakikishia mwaka ule wifi yangu alipumzika vizuri. Nilimchukia mpaka jioni, kisha nikacheka naye jikoni, na kesho yake nikamchukia upya.

Mama mkwe alikuwa kwenye mstari wa tatu. Kiingereza hakukijua, na hata Kiswahili alikizungumza kwa kukikanyaga kidogo, kwa vile lugha ya moyo wake ni Kiiraqw. Siku moja alinyanyua mgongo akatuangalia.

"Nyie, mnasema nini juu ya ng'ombe wangu?"

Nikamweleza kwamba tunasema ng'ombe lazima akamuliwe asubuhi.

"Hiyo tu? Hiyo hata mimi najua, na sikwenda shule."

Lakini alilipenda neno. Kesho yake nilimsikia akiwafukuza mbuzi kwenye majani ya maharage: "Masti bi! Masti bi nyie!" Mbuzi walielewa kabisa. Baada ya hapo likawa neno lake la kila kitu. Chai ikichelewa, masti bi. Jirani akisita kuja kwenye sala ya jumuiya, masti bi. Wifi alijaribu kumweleza kwamba baada ya hapo lazima lifuate neno jingine, akaambiwa aache kumfundisha mama yake kuongea.

Tukavuna maharage, tukavuna mahindi, tukafika kwenye kupukuchua. Jioni moja tulikuwa watatu tumeuzunguka mkeka, wifi anarusha maneno, mimi najibu, na kila baada ya jibu mama anauliza limesemaje. Nikawa natafsiri. Kuni lazima zikatwe. Mtoto anatakiwa aogeshwe. Banda linatakiwa lifagiliwe. Unga lazima upelekwe ukasagwe. Mama aliacha kupukuchua.

"Hizi kazi zote mnazotaja," akasema, "mbona ni za mtu mmoja?"

"Ni mifano tu, mama," wifi akasema.

"Mifano ya nani?"

Nilikitazama kibunzi kilichokuwa mkononi mwangu. Miezi yote ile nilikuwa nazitaja kwa kelele kazi zangu kwa lugha ya wenyewe, shambani, kijiji kizima kinasikia, na mimi mwenyewe sikuwa nimesikia. Nilitaka kulia, na nilikasirika kwamba nataka kulia. Mama aliokota hindi jingine, akaendelea. Siku zilizofuata hakulisema tena, nami nikadhani limempita.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Mwezi wa kumi na moja uliingia na mashamba yapo tayari, kila mtu akiamka anauangalia mlima ulio juu ya kijiji kama kuna wingu. Wingu lilikuja siku mbili kabla ya mtihani wangu. Ikanyesha mvua nzuri, ya kulowanisha mpaka chini, na kijiji kizima kikachachamaa. Ukikosa unyevu wa kwanza, mahindi yako yatakuwa ya kuazimwa. Mume wangu aliacha bodaboda yake, akaenda kuweka oda ya ng'ombe wa kulimia. Akapewa asubuhi ya siku ile ile ya mtihani.

Tulikuwa tunakula aliposema. Hakusema kwa ukali.

"Mtihani upo kila mwaka. Mvua haiko hivyo."

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na haki. Mtu akikuonea unapata pa kuanzia. Yeye alikuwa anaongelea chakula cha watoto wangu, na mwaka mmoja aliokuwa amenipa alikuwa anauchukua bila hata kugundua kwamba anauchukua. Nikamega ugali na kuurudisha kwenye sahani.

Mama mkwe alikuwa anajiongezea mboga.

"Mtihani masti bi," akasema.

Mume wangu akacheka. Mama hakucheka.

"Na shamba, mama?"

"Na shamba masti bi. Wewe utashika plau. Huyu dada yako atapanda. Wanawake wa jumuiya nimeshawaambia, watakuja kumi na zaidi, na togwa ya kuwapa iko kwenye mtungi tangu juzi. Unafikiri nilikuwa naipika ya nini?"

Nilikuwa nimeuona ule mtungi. Nilidhani ni wa Jumapili. Hapa kwetu ukialika watu shambani lazima uwe na cha kuwanywesha, na togwa haiivi kwa siku moja. Yaani mama alikuwa ameianza kabla hata wingu halijakaa vizuri. Nilimtazama, naye akaniambia nile, mtihani haufanywi na tumbo tupu.

Asubuhi ile bodaboda iliyonichukua ilipita kando ya shamba letu. Mume wangu alikuwa nyuma ya ng'ombe, anapiga mluzi. Wanawake walikuwa wamejipanga kwenye mifereji, na mbele yao wote mama mkwe, mwenye magoti ambayo tangu mavuno hayakuwa yamemruhusu kuinama, mbegu amezifunga kwenye kanga. Aliponiona alipaza sauti, "Masti bi!" na wanawake wote wakaitikia. Nililia mpaka Katesh. Dereva aliniuliza kama kuna msiba, nikamwambia aangalie barabara.

Sehemu ile ilikuja kwenye mtihani. Niliisoma, nikasikia wifi akirusha neno kutoka mstari wa pili, nikajibu bila kuvuta pumzi.

Matokeo yalipotoka mahindi yalikuwa yamenifika magotini. Wifi ndiye aliyeyaona kwanza kwenye simu, akaja anakimbia na kupiga vigelegele kabla hajasema. Nilipata C. Mume wangu alinishika bega, akanipongeza mara kadhaa, na nikaona anafurahi kweli. Tukakaa uani, mama akaletewa chai. Akaipuliza chai yake.

"Sasa utaenda chuo," akaniambia. "Ng'ombe atakamuliwa na nani?"

Nikafikiri, ndiyo haya sasa, furaha imekwisha. Nikaanza kutafuta maneno, kwamba nitakuja likizo, kwamba wifi bado yupo. Mama alinikatiza kwa mkono.

"Sikuulizi wewe," akasema, na akamgeukia mwanawe. "Wewe una mikono?"

Mume wangu aliitazama mikono yake kama ya kuazima.

Kesho yake niliamshwa na sauti ya maziwa yakigonga ndoo, kidogo kidogo, yakisimama na kuanza tena, na ng'ombe akilalamika. Miguu yangu ilishuka kitandani yenyewe kwa mazoea. Nikairudisha, nikavuta blanketi.